Kicheko cha Lukelo

Chafya zilikuja tatu, moja nyuma ya nyingine, na Otilia Ngonyani akajikuta anamwomba radhi kuku.

Kuku mwenyewe hakuwepo. Otilia alikuwa kwenye foleni ya chakula, bwalo la chuo, Iringa mjini, sahani mkononi, nyuma yake wanafunzi arobaini wenye njaa. Katika miaka yake yote ishirini na miwili hakuwahi kupiga chafya zaidi ya moja kwa mkupuo. "Samahani, mama kuku," mdomo ulisema, bila kumtaka ushauri.

"Siku ya ngapi leo?" mpishi akauliza, mwiko ukiwa hewani.

"Ya tisa."

"Bado kumi na mbili. Shika maharage, nakuongezea. Mwaka jana nilimlisha mmoja aliyebeba msiba wa baba mkwe wa mtu. Kila mlo ananikaripia chumvi kana kwamba mimi ndiye niliyeolewa kwao. Wa kwako anaonekana mtu wa heshima, anaongea na kuku."

Mwaka huo wa 2084 hakukuwa na mwanafunzi wa afya ya akili pale chuoni ambaye hajamwona mwenzake akilia mbele ya sahani ya wali kwa msiba usiomhusu. Ndiyo kazi waliyojitolea. Madaktari wa akili walikuwa wachache, na hao wachache walipenda lami. Kwenye kambi za wachuma chai na mabondeni, kulikofika mashine kabla ya zahanati, mtu aliumwa moyo mpaka akauzoea au ukammaliza. Ndipo wataalamu wakatengeneza ngata.

Ilikuwa kweli na umbo la ngata, ile ya kujiviringia kichwani kabla ya kujitwika ndoo: kitambaa cha kijivu, ndani yake nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Zilikuja mbili mbili. Moja alivaa mgonjwa, nyingine mbebaji, wakakaa wameshikana mikono dakika arobaini, na huzuni ikahama kichwa. Ubongo wa kijana, walielezwa kwenye semina, una tumbo zuri. Huzuni isiyo yake huisaga kwa siku ishirini na moja, ikaisha kama chumvi kwenye mchuzi. Mgonjwa kapumua, kijana kalia kidogo, maisha yanaendelea.

Kanuni ziliandikwa nyingi, lakini moja tu kwa wino mwekundu: usibebe zaidi ya theluthi.

Otilia alikuwa amebeba yote.

Si kwamba hakuisoma. Aliisoma, akaisaini, akachora na ua pembeni. Lakini kanuni ile iliandikwa na watu wa mezani, na Otilia alilelewa Peramiho na bibi mwenye mkono mwepesi. Kule, ukikutana na mtu mzima njiani ana mzigo, humwulizi akupimie. Unapiga goti, unasema shikamoo, unaupokea wote, naye anatembea mikono mitupu akikusimulia habari za magoti yake. Kumpokea mtu mzima theluthi ya kikapu ni kumtukana. Hivyo siku ile ya kwanza, Kambi Namba Tisa, katikati ya mashamba ya chai ya Mufindi, alipoketi mbele ya Bibi Vitalia Semgimwa na kuona shingo iliyobaki kama ya ndege, kilo thelathini na nne pamoja na kanga, wiki ya tano hakuna kinachopita kooni ila chai ya rangi, kidole chake kilisukuma kitufe cha kipimo cha ngata mpaka mwisho. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye kikapu.

Na mzigo ulipotua, ulitua na vyote vilivyokuwemo. Haikuja huzuni tupu, alikuja Lukelo.

Lukelo alikuwa mwana wa pekee wa Bibi Vitalia, fundi wa mashine za kuchuma chai, aliyekufa kwa homa ya bonde akiwa na miaka thelathini na mmoja. Otilia hakupata kumwona akiwa hai. Sasa alijua kwamba aliburuza kisigino cha kushoto, kwamba hakuingia nyumba yoyote bila kugonga mwimo wa mlango mara mbili, na kwamba chafya zake zilikuwa tatu na baada yake alimwomba radhi kiumbe aliye karibu, awe mtu awe kuku. Zaidi ya vyote, alijua kicheko chake. Kilianza kwa pumzi kuvutwa ndani, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi asubuhi. Halafu kimya, kirefu hivi, mpaka ukadhani amepaliwa. Halafu kikamwagika chote. Hata kama kichekesho chenyewe kilikuwa cha bure, ulicheka kwa sababu ya kusubirishwa.

Kilimjia akipiga mswaki. Kilimjia katikati ya mtihani. Kila kilipomjia alitabasamu, kisha akakumbuka, kisha akalia kilio cha mama, yeye ambaye hata mchumba hana.

*

Siku ya kumi na mbili alipanda Mufindi kumwona mgonjwa wake. Ukungu ulikuwa umelalia chai, na ndani yake mashine za kuchuma zilinguruma taratibu, bila mtu. Kambi Namba Tisa ilijengwa enzi za wachumaji. Mashine zilipoingia, mikono ya watu iliachwa pale pamoja na nyumba zake, kama vikapu vilivyotoboka. Zahanati ilikuwepo. Kufuli yake pia ilikuwepo, imeota kutu.

Bibi Vitalia alikuwa juu ya paa.

Alikuwa ameshika nyundo, anagongomea bati, misumari mdomoni. Chini yake wifi yake Kaselida, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu mlima wa pili, alikuwa ameikumbatia ngazi kama mtu aliyeshikilia mbuzi wa sadaka.

"Kamwene, bibi. Shikamoo," Otilia akasema. "Shuka basi, tusalimiane chini."

Misumari ikatoka mdomoni. "Marahaba, Mngoni. Umekuja kuiba kuku au kuomba hifadhi?"

"Nimekuja kuhesabu Wahehe. Tulidhani babu zetu waliwamaliza."

"Walitumaliza kwa mbio. Walikimbia mpaka vumbi lao likatuziba macho, ndiyo maana hatukuwafuata."

Hayo ndiyo maamkizi ya Mngoni na Mhehe, watani tangu vita vya mababu, na aliyezoea hashtuki. Otilia alikuwa amemtania vivyo hivyo siku ya kwanza, na bibi yule hakuwa na nguvu hata ya kumtazama. Leo alijibu kwa kasi ya cherehani.

"Unamwona?" Kaselida akanong'ona, maana kwake kunong'ona kulifika nyumba ya tatu tu. "Anakula kama mchimba barabara. Juzi kamaliza sufuria ya makande, akaniuliza kama ndiyo ya kuonja."

Ndani, Bibi Vitalia alimkaribisha chai, akaketi mkabala naye, akachukua picha iliyokuwa juu ya kabati. Kijana mwenye ovaroli, kichwa kimeinamia upande, karibu kucheka.

"Huyu ni mwanangu Lukelo," akasema. "Nilimzaa siku ya mvua ya mawe. Najua. Lakini najua kama ninavyojua jina la mkuu wa wilaya."

Otilia akaweka kikombe chini.

"Jana nimeifuta vumbi picha hii. Nimefuta uso, nimefuta macho, nikairudisha, nikaenda kusonga ugali. Hebu niambie, mjukuu wangu. Mama gani anafuta vumbi kwenye macho ya mwanawe aliyekufa, kisha anaenda kusonga ugali, na ugali wenyewe hauna hata buje moja?"

"Bibi, nilidhani nakusaidia."

"Ulinisaidia. Nimepona mpaka nimepitiliza." Akagusa nyuma ya sikio lake la kulia. "Kicheko chake kilikuwa kinakaa hapa. Hakipo. Unacho wewe?"

"Ninacho."

"Hakijambo?"

Swali lile liliulizwa kwa adabu, kama mtu anayeulizia mtoto aliyepelekwa shule ya bweni. Otilia alisema hakijambo. Alikuwa anadanganya. Tangu jana kicheko kilikuwa kimeanza kufifia kwa nyuma: pumzi ipo, kimya kipo, lakini kumwagika kwake kulisikika mbali, kama maji yanayomiminwa nyumba ya jirani.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Tisa."

"Nirudishie. Na huzuni yake nirudishie, siichagui. Kilicho changu ni changu."

Kaselida alikuwa mlangoni, amesikia. "Hurudishiwi kitu," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli. "Wewe hukujiona. Mimi ndiye niliyekuwa nakugeuza kitandani kwa mkono mmoja, wifi. Kwa mkono mmoja, kama shuka."

 Bibi Vitalia alirudisha picha juu ya kabati, akainyoosha ikae sawa, na uso wake ukabaki mkavu.

Kaselida alimsindikiza Otilia mpaka barabara ya mashine. Njiani alimwonyesha kaburi, tuta la udongo mwekundu lililonyooka mno, pembezoni mwa chai. "Homa ile walikataza watu wasisogee. Walileta mashine, ikachimba, ikazika, ikafukia, dakika kumi na moja. Sisi tumesimama nyuma ya utepe kule kwenye mti wa nguzo. Hapakuwa na matanga. Watu walipoanza kutembeleana tena, ikaonekana msiba umechacha, kila mtu anaona haya kuuanza. Hata mtani wa kulala juu ya kaburi na kututukana hatukumpata." Akapangusa pua kwa upindo wa kanga. "Mhehe kuzikwa bila Mngoni wa kumsumbua. Ni kama kuzika gunia."

*

Dokta Kyando alikuwa na tabia ya kuchonga penseli akiwa na mawazo, katika chuo ambacho hakuna aliyeandika kwa penseli kwa miaka ishirini. Siku ya kumi na tatu alichonga mbili kabla hajasema neno.

"Ulibeba yote."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sababu?"

"Alikuwa mtu mzima."

Dokta akafumba macho kidogo. Naye alizaliwa Makete, amepokea mizigo ya kutosha. "Kanuni ya theluthi niliiandika mimi," akasema. "Kosa langu sikuandika sababu. Nilidhani wino mwekundu unatosha. Ukimwachia mtu sehemu ya huzuni yake, unamwachia mpini wa kumshikia marehemu wake. Ukichukua yote, unaondoka na jembe na mpini."

"Basi turudishe theluthi mbili."

"Haigawanyiki tena. Ndani yako imeshakuwa uji. Ikirudi itarudi yote, kwa dakika arobaini, juu ya bega lililopoteza sugu." Akaipuliza penseli. "Nimewahi kurudisha, mara moja. Mzee mmoja wa kwetu, aliniomba kama huyu wako anavyokuomba. Nikamwonea huruma. Alinishukuru sana. Siku ya sita tulimzika, na ile asante yake ninayo mpaka leo. Hiyo haisagiki kwa siku ishirini na moja."

Nje, mtu alikuwa akifagia korido. Otilia alisikia kicheko kikianza kichwani mwake, pumzi ikivutwa, kimya kikifuata. Alisubiri. Kilichokuja mwishoni kilikuwa tone.

"Nisiporudisha?"

"Ataishi. Atakula. Atapanda mapaa."

"Bila mwanawe."

"Bila mwanawe," Dokta akakubali. "Kati ya mama aliye hai asiye na mwana, na mama aliyemfuata mwanawe, mimi nilishachagua. Wewe una umri wa kubishana nami. Mimi nina kaburi Makete."

Hapo hata mtu mbishi angeaga. Otilia alifika mpaka kwenye kitasa. Kisha, kabla ya kukishika, akagonga mwimo wa mlango mara mbili, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, na ulikuwa wa mtu mwingine kweli.

"Mwalimu," akasema akigeuka. "Kanuni inakataza ngata. Inanikataza kwenda matangani?"

"Matanga ya nani?"

"Ya Lukelo. Yamechelewa miezi minne, lakini marehemu hana haraka."

Akamweleza. Kwa desturi, Mngoni ana haki katika msiba wa Mhehe, na haki hiyo ni kazi. Analala njiani jeneza lisipite. Ananyakua mwiko. Anavaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya waliomzaa, mwendo wake, ulevi wake, uchoyo wake, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio, na wakishacheka wanaweza kulia sawasawa. Hakuna anayeweza kumkasirikia, maana mtani hakasirikiwi. Kwa kawaida mtani huigiza alichokiona kwa macho. Yeye, Otilia, hakuona kitu, lakini hakuna mtani katika historia ya Wangoni aliyewahi kuingia matangani akiwa na marehemu mzima kichwani.

Penseli ya tatu ilivunjika ncha.

"Na akiacha kula?"

"Ndiyo maana naomba tuje wote."

"Nitakuja," Dokta akasema, "na sanduku la ngata litakuwa mapajani mwangu, ufunguo mfukoni mwangu. Akikaa siku tatu hajala, namlaza wodini, na jina lako linatoka kwenye orodha ya wabebaji. Kwa heri, si kwa ubaya. Na kwanza muulize mwenyewe kama anataka."

Jibu la Bibi Vitalia lililetwa na Kaselida kwa simu, na Otilia aliisogeza mbali na sikio. "Anasema aje. Anasema ng'ombe hatochinja, mwambieni huyo Mngoni atapata kuku, na kuku mwenyewe mzee. Mimi nasema sitaki. Lakini koti la marehemu nimelitoa kwenye sanduku, nimelianika."

*

Siku ya kumi na nane, saa sita mchana, ukungu ulikuwa umeinuka. Watu wa Kambi Namba Tisa walikaa mikekani, wanaume huku, wanawake kule, wakioneana haya kama wageni waliofika siku isiyo yao. Bibi Vitalia alikaa katikati, kanga nyeusi kichwani, akifukuza nzi. Alikuwa mgeni kwenye msiba wake mwenyewe, na alijua, na ilimuumiza kwamba haimuumi.

Mngoni akaingia na majivu usoni, amevaa koti la marehemu linalomfika magotini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kujitupa kifudifudi mbele ya mlango wa jiko.

"Hapapikwi," akatangaza. "Nimesikia mmezika kwa mashine. Kwa hiyo na mashine ndiyo ije kula. Nani kawafundisha kuzika kimya kimya? Mlikuwa mnamficha nani? Mlikuwa mnatuficha sisi, mkiogopa tutakula kuku."

Mzee mmoja akaguna. Mwanamke akauma upindo wa kanga.

"Wewe mwenye sanduku," Otilia akamwelekezea kidole Dokta Kyando, "mwanamume mzima umekaa na sanduku mapajani kama bibi harusi. Simama ukamnyonyoe kuku."

Dokta akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyemtetea. Akasimama, sanduku kwapani, akaenda kumnyonyoa kuku.

Hapo ndipo kicheko cha kwanza kiliponyanyuka, kidogo, kama moshi wa kuni mbichi. Otilia akainuka nacho. Akajipangusa majivu, akaenda mpaka kwenye njia, akageuka, akaanza kuja.

Kisigino cha kushoto kikawa kinaburuza.

Mwiko wa Kaselida ukaanguka. Hakuna aliyeuokota. Otilia alifika mlangoni, akagonga mwimo mara mbili kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa upande kama kwenye picha. Akapiga chafya, na ya pili, na ya tatu. Kuku alikuwa anapita, wa kweli safari hii. "Samahani, mama kuku," akamwambia.

"Lukelo," mtu akasema mikekani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu akamsaidie kubeba kitu.

Bibi Vitalia alikuwa ameacha kufukuza nzi.

Na sasa ilibaki jambo moja, na kila aliyemjua marehemu alikuwa analisubiri bila kujijua. Otilia akavuta pumzi ndani, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Akanyamaza. Kimya kikaenda urefu wake, kikafika mahali pake. Akatafuta kichwani kile kinachofuata.

Hakikuwepo. Siku kumi na nane zilikuwa zimekimaliza. Alipekua kama mtu anayepekua kibuyu kwa mkono, akagusa kuta tu. Alisimama amefumbua mdomo mbele ya kambi nzima, koti la maiti mwilini, na moyo wake ukamwambia wazi kwamba amekuja kumwonyesha mama mlango wa mwanawe na kumfungia palepale. Kule jikoni Dokta Kyando alikuwa amesimama, manyoya mkononi, hapumui.

Ndipo kikamwagika.

Kilitoka mikekani. Kilitoka chini ya kanga nyeusi, kipana, chenye mikwaruzo ya uzee, lakini kilikuwa kilekile, mteremko uleule, mpaka ile kwikwi ndogo mwishoni ambayo Otilia alikuwa ameisahau na sasa aliikumbuka. Bibi Vitalia alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajisikia. Mkono ukapanda nyuma ya sikio.

"Ni changu," akasema taratibu. "Wifi, kile kicheko. Alikitoa kwangu."

"Mlikuwa mkicheka wote wawili hatulali," Kaselida akasema, na machozi yalikuwa yameshamfika shingoni. "Mlikuwa mnasubirishana."

Uso wa Bibi Vitalia ukavunjika. Otilia alikipapasa kilio kilichokuwa kichwani mwake mwenyewe. Kilikuwa bado pale, kimenyong'onyea, hakuna aliyekigusa. Hiki cha Bibi Vitalia kilikuwa kipya. Alilia jina, akalia mvua ya mawe, akalia dakika kumi na moja za ile mashine. Watu wakamlilia pamoja, kwa sauti, kama inavyopaswa, na Mngoni akalala kifudifudi juu ya lile tuta jekundu lililonyooka mno, akakataa kuondoka mpaka wamvute miguu.

Kuku alipoiva, Bibi Vitalia hakumgusa.

*

Siku ya kumi na tisa Kaselida alipiga simu: hajala. Siku ya ishirini: maji tu, na amelala ameelekea ukutani. Kaselida hakulaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Otilia hakwenda bwaloni. Mpishi alimfungia maharage kwenye kibakuli, akampelekea mwenyewe, akamkalia mpaka akamaliza.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, yeye na Dokta Kyando walipanda Mufindi na gari la wagonjwa. Njia nzima Dokta aliipapasa penseli mfukoni. Kichongeo alikuwa amekisahau.

Nyumba ilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kaselida alikuwa amekaa kizingitini, mikono imelala mapajani. Aliinua mmoja akaonyesha nyuma ya nyumba.

Bibi Vitalia alikuwa shambani, amejifunga kibwebwe, anachimba viazi. Alikuwa amekonda tena kidogo, macho yamevimba. Kando ya tuta palikuwa na moto mdogo wa mabua, na majivuni maganda ya kiazi.

"Shikamoo, bibi," Otilia akasema.  "Umekula?"

"Marahaba. Nilikuwa namsubiri Mngoni aje anipikie. Halafu nikakumbuka nimewahi kuonja mapishi yenu." Akafukunyua kiazi kingine, akakikung'uta udongo. "Alikuwa anapenda cha kuchoma. Tangu mdogo, hata kiungue. Nimechoma viwili. Changu nimekula." Machozi yakamshuka bila yeye kuyashughulikia, kama jasho. "Na chake nimekula. Kilinikaba, lakini kimepita."

Dokta Kyando aligeuka akatazama chai kwa muda mrefu. Kisha alikwenda kukaa kizingitini karibu na Kaselida, sanduku miguuni, na Kaselida akampa kisu na beseni la viazi bila kumwuliza.

Kikapu kilikuwa kimejaa. Otilia alipiga goti, akanyoosha mikono yote miwili kukipokea, kama alivyofundishwa.

Bibi Vitalia akakivuta kwake. Aling'oa nyasi ndefu, akazisokota, akafunga ngata. Akang'oa nyingine, akafunga ya pili. Akachukua gunia tupu, akahesabu viazi kimoja gunia, kimoja kikapu, mpaka vikaisha.

"Nusu," akasema.

"Bibi, watu watanionaje? Nikuache na mzigo kichwani?"

"Watamwona Mngoni mvivu. Wamezoea." Akamwekea ngata ya nyasi utosini, akaibonyeza ikae, na kiganja chake kikabaki pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamtwika gunia, akajitwika kikapu, akatangulia.

Otilia alimfuata kwenye tuta, akisikiliza kichwani mwake. Pumzi haikuvutwa. Kisigino chake cha kushoto kilikanyaga kama cha kulia. Palikuwa kimya tu, kama chumba ambacho mgeni ameondoka na kutandika kitanda. Hakupatafuta zaidi. Mbele yake Kaselida alipaza sauti kutoka kizingitini, kitu fulani kuhusu daktari anayemenya viazi mpaka vinabaki mbegu, na Bibi Vitalia akasita njiani, kikapu kimetulia kichwani, akavuta pumzi ndani kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

Otilia naye akasimama na nusu yake, akasubiri kimwagike.